Ngoma Ivumayo: Kanda za Video za Kikatiti na Umri wa Kumbukumbu

Wahenga wamenena kuwa ngoma ivumayo haidumu. Hawakuwa wakiikusudia ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62 iliyomo ndani ya deki ya video, ile izungukayo mara 1,500 kwa dakika huku mkanda ukiikumbatia nusu duara. Lakini methali njema haichagui zama. Ngoma hiyo ilivuma katika sebule za Afrika ya Mashariki kwa miaka ishirini na ushei, kisha ikanyamaza. Mashine zimeondoka, mikanda imebaki. Na ndani ya mikanda hiyo wamo watu wachekao, waliao na wapokeao baraka za wazee, ambao wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kikatiti ni mji mdogo wa barabarani katika nchi ya Wameru. Msafiri atokaye Arusha kwenda Moshi huuacha nyuma Usa River, akapita Maji ya Chai, ndipo akaufikia, kabla ya njia panda ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro uliofunguliwa mwaka 1971. Upande wa kaskazini mlima Meru umesimama na kijani chake cha migomba na kahawa. Upande wa kusini nchi hushuka na kukauka, na kiangazi kikiingia vumbi hupanda hadi juu ya kabati. Hapo juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma, ndipo nyumba nyingi za njia hii zilipoziweka kanda zao. Huu si mji wa makumbusho wala wa maktaba kubwa. Ndiyo maana unafaa kuulizwa swali ambalo miji mikubwa huliuliza kwa sauti ya juu na kujijibu kwa fedha: kumbukumbu ya mtu wa kawaida huishi miaka mingapi?

Historia ya kitu chenyewe ni fupi. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mkanda wa Betamax, na mwaka uliofuata JVC, nayo ya Japani, ikatoa VHS. Betamax ya mwanzo ilichukua saa moja, VHS saa mbili. Na mwenye saa nyingi ndiye aliyeshinda sokoni. Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni yake tangu 1973, tena ya rangi, jambo lililokuwa ajabu katika bara zima. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994, vilipoanza vituo vya watu binafsi. Kwa hiyo bara ilipata mkanda kabla ya mawimbi. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara mwaka 1984, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, televisheni na deki ziliingia pamoja kama mume na mke. Televisheni bila deki ilikuwa kioo kisicho na la kusema. Deki ndiyo iliyokuwa kinywa chake.

Mikanda iliyotazamwa zaidi ilikuwa ya ngumi, ya mapenzi ya Kihindi na ya vita vya Marekani, ikioneshwa katika mabanda ya video kwa umeme wa gridi, wa jenereta au wa betri ya gari. Mikanda hiyo haitusumbui hapa. Filamu iliyochapwa kwa maelfu, hata zikifa nakala mia tisa, hubaki kwingine. Mkanda wenye haki ya kuandikwa habari zake ni ule uliokuwa mmoja tu duniani, au wenye nakala moja tu kwa shangazi: mkanda wa harusi, wa kipaimara, wa kumuaga binti, wa maziko.

Mpigaji video alikuwa mtu wa heshima katika kamati ya harusi. Alikuja na kamera begani na kijana wa kumshikia taa na kukokota waya. Alitia mkanda wa dakika 180, ambao ukinyooshwa una urefu wa takriban mita 258, akaanza na mabomba ya magari yaliyopambwa, akaingia kanisani, akatoka na kwaya, akafika ukumbini au chini ya turubai. Alipiga ndafu ikiingizwa mzimamzima na majani mdomoni. Alipiga foleni ya zawadi, mtu baada ya mtu, kwa uvumilivu ambao leo humchosha mtazamaji. Na mahali fulani kati ya zawadi na chakula, mzee mmoja alisimama, akaomba kipaza sauti kiondolewe kwa kuwa hakukizoea, akawabariki maharusi kwa Kimeru cha watu waliozaliwa kabla ya barabara ya lami.

Hapo ndipo penye thamani. Mpenzi wa mashairi anajua kwamba baraka za mzee ni utungo: zina mizani yake, vina vyake vya maana, na maneno ambayo kijana wa leo hayatumii wala hayaelewi. Baraka hizo hazikuandikwa, kwa sababu hakuna aliyedhani kuwa ni fasihi. Zilinaswa kwa bahati, na mtu aliyekuja kupiga picha ya keki. Katika kijiji kizima, pengine ushahidi pekee wa namna kizazi kile kilivyopanga maneno mbele ya halaiki umo ndani ya kisanduku cheusi cha plastiki, na kisanduku hicho kina adui watatu: mwili wake mwenyewe, mashine yake, na usahaulifu wa wenyewe.

Tuanze na mwili. Mkanda wa video ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7 na unene usiozidi sehemu mbili za mia za milimita. Juu ya plastiki hiyo umepakwa unga wa sumaku ulioshikwa kwa gundi. Watu wengi hudhani kwamba picha hufutika kwa sababu sumaku huchoka. La hasha, sumaku huenda polepole sana. Kinachowahi kuchoka ni gundi. Gundi hunywa unyevu wa hewa, na kwa miaka hulegea, ikawa nata, unga ukabanduka na kuganda kwenye vichwa vya kusomea. Kanda za VHS haziugui maradhi haya kwa wepesi kama baadhi ya kanda za studio za miaka ya 1970 na 1980, lakini hazina kinga. Kwa ujumla wataalamu huzikadiria kanda za sumaku umri wa miaka 10 hadi 30, kwa kutegemea matunzo. Harusi iliyopigwa mwaka 1992 ilitimiza miaka thelathini mwaka 2022. Msomaji na ajihesabie mwenyewe.

Matunzo yanayopendekezwa ni baridi isiyozidi nyuzi 20 na hewa kavu, unyevu usiopita asilimia 40 hivi. Hapo kisiwa na mlima hutofautiana. Unguja na Pemba unyevu wa hewa mara nyingi hukaribia asilimia 80, na kaseti iliyofungiwa sandukuni hufunguliwa ikiwa na madoa meupe ya ukungu kando ya utepe, kama chumvi iliyokauka juu ya mwamba. Ukungu hula gundi. Tena kanda moja yenye ukungu ikitiwa katika deki huziambukiza zote zitakazofuata. Kikatiti, iliyo juu zaidi na kavu zaidi, haina sana balaa hilo. Balaa lake ni vumbi. Kati ya kichwa cha kusomea na utepe hapana nafasi inayoonekana kwa macho. Chembe ya vumbi ikiingia hapo ni jiwe la kusagia. Hulima mtaro katika unga wa sumaku, na kila mtaro ni mstari mweupe unaopita juu ya uso wa bibi harusi. Kisiwani kanda huoza. Mlimani kanda hukwaruzwa. Mauti ni moja, milango ni mingi.

Pana na kifo kingine, ambacho si cha hewa wala cha udongo. Nyuma ya kila kaseti ya VHS pana kijino kidogo cha plastiki. Kijino kikivunjwa, deki haikubali kurekodi juu ya mkanda ule. Lakini palipo kijino pana pengo, na palipo pengo pana gundi ya karatasi: kipande kimoja cha selotepu kilitosha kulifumba, na mkanda ukarudi kuwa mtupu machoni pa mashine. Vituo vya televisheni vilipoanza bara, mpira na tamthilia vikaja nyumbani bure, na kaseti mpya zilikuwa za fedha. Hivyo ndivyo nusu ya ubatizo ilivyofunikwa na nusu ya fainali. Hakuna hali ya hewa iliyopoteza kama mkono wa mwenye nyumba.

Kisha zikaja diski. VCD, iliyowekewa kanuni zake mwaka 1993, ilichukua dakika 74 tu, na ndiyo sababu filamu za Kiswahili za miaka ya 2000 ziliuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Filamu kama Girlfriend ya George Tyson, ya mwaka 2003, ilitokea wakati mkanda ulipokuwa ukiipisha diski njia. Familia nyingi zikapeleka mikanda yao kwa mafundi wa mjini ihamishwe, zikarudi na diski inayong'aa, zikaitupa kaseti. Waliamini wamepanda daraja. Kumbe baadhi walishuka. Diski ichapwayo kiwandani huhifadhi taarifa kwa vishimo vilivyogandamizwa, na nyuma yake pana utando wa madini. Diski ya kurekodia nyumbani au dukani haina vishimo. Ina rangi iliyounguzwa kwa mwanga wa leza, na rangi, kama kitenge kilichoanikwa, huchujuka kwa jua na joto. Diski rahisi iliyoachwa dirishani inaweza kufa kabla ya kaseti iliyoizaa. Tena mkanda hufa kwa staha: picha hupauka, sauti hukwaruza, lakini mzee bado huonekana na husikika. Diski haijui staha hiyo. Leo inacheza, kesho mashine inasema haina kitu.

Adui wa pili ni umri wa mashine. Mkanda hausomeki kwa macho, wala kwa mkono, wala kwa taa. Unataka deki, na deki inataka vichwa vizima, mikanda ya mpira isiyolegea, na fundi anayejua. Mwezi Machi 2016 Sony iliacha kutengeneza kaseti za Betamax. Julai mwaka huohuo kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho duniani iliyokuwa ikitengeneza deki za VHS, ilifunga kazi hiyo kwa kuwa vipuri havipatikani na wanunuzi wamepungua. Tangu siku hiyo kila deki inayoharibika ni moja iliyotoka katika hesabu isiyoongezeka. Mwaka 2019 mradi wa UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ulitoa tahadhari juu ya kanda za sumaku, na mwaka 2025 ukatajwa kuwa ukomo: baada yake, kuhamisha kanda kungekuwa kwa shida na kwa gharama kubwa mno. Ukomo huo umekwisha kufika. Kanda za Kikatiti hazikuhesabiwa katika orodha ya hifadhi yoyote.

Si kwamba mlima huu haukupata hifadhi kamwe. Kaskazini ya Kikatiti, ng'ambo ya kreta ya Ngurdoto, ipo Momella. Hapo ndipo Howard Hawks alipofika mwishoni mwa mwaka 1960 pamoja na John Wayne na wenziwe kupiga picha za filamu ya Hatari!, ambayo jina lake ni neno letu na alama ya mshangao ni yao. Filamu ilitoka mwaka 1962. Ilipigwa juu ya filamu ya sinema, ikamilikiwa na kampuni yenye maghala, ikahamishwa kutoka sinema hadi kaseti na kutoka kaseti hadi diski, kila zama zilipobadilika. Anayetaka kuuona Meru wa mwaka 1961, na faru na twiga wakikimbizwa na magari, atauona bila taabu. Anayetaka kuona harusi ya Mmeru ya mwaka 1991, chini ya mlima uleule, na aombe Mungu. Hapa ndipo neno udumifu linapovuliwa joho lake la ufundi: kinachodumu ni kile ambacho mtu fulani amekubali kukigharimia kila baada ya miaka kumi.

Au ni kile kisichodai mashine. Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru takriban 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuusema uchungu huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Hapakuwa na mkanda wa video. Palikuwa na karatasi. Na mwaka 1967 Kirilo na wakili wake, Earle Seaton, wakaiandika kesi yote katika kitabu. Kitabu hicho kikifumwa na vumbi la Kikatiti, hupanguswa kwa kiganja kikasomwa. Pwani nako wanajua jambo hili zamani. Nakala ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya mwaka 1728 ingali inasomeka, na wino wake haukuomba umeme hata siku moja. Siti binti Saad aliimba Bombay mwaka 1928 kwa ajili ya santuri za HMV. Santuri zile, zikiwa hazikuvunjika, zatoa sauti yake hadi leo kwa sindano na mtaro tu. Kadiri chombo kinavyokuwa sahili, ndivyo kinavyotii wageni wa zama zijazo.

Isidhaniwe kwamba karatasi ilidumu kwa nguvu zake. Mchwa wa mwambao ni mashuhuri. Tenzi zilidumu kwa sababu palikuwa na wanakili waliokaa na kalamu, wakaziandika upya kabla nakala ya kwanza haijaliwa. Kunakili ndiko kulikokuwa hifadhi. Kanda ya video ilikuwa na dosari katika jambo hili, maana kila nakala ya nakala ilizidi kupauka, kama hadithi ya mtu aliyesikia kwa aliyesikia. Lakini nakala ya leo, ikihamishwa mara moja vizuri na kuwa namba, hunakiliwa mara mia bila kupungua. Kwa mara ya kwanza kaseti inaweza kupata alichokuwa nacho mshairi wa kale: mwanakili asiyekosea.

Kazi yenyewe haihitaji maghala. Yahitaji deki moja nzima katika mji, fundi aliyebaki ambaye bado anajua kusafisha vichwa, na watu watakaokubaliana kuanza na kilicho kimoja tu: sauti za wazee kwanza, keki baadaye. Kanda yenye ukungu isichezwe mpaka imesafishwa na mwenye ujuzi. Iliyo nzima isimamishwe wima kama kitabu, izungushwe yote hadi mwisho, ivunjwe kijino chake. Nakala ziwe mbili, na zikae nyumba mbili, kwa kuwa moto na mwivi havibishi hodi. Na kaseti ya asili isitupwe kwa furaha ya diski.

Amebaki adui wa tatu, naye ni mkubwa kuliko vumbi. Hata mkanda ukipona, hata ukihamishwa, siku moja mtazamaji atamwona mzee amesimama chini ya turubai, midomo yake ikisema maneno mazito, na atauliza: huyu ni nani, na anasema nini? Kama aliyekuwa akijua amekwisha kuzikwa, picha itakuwa safi na maana itakuwa imekufa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo kila kanda inapochezwa kwa mara ya mwisho, bora iwe mbele ya mkongwe aliyehudhuria harusi ile, na mjukuu mwenye kalamu. Majina yaandikwe, ya aliyebariki na ya aliyebarikiwa. Baraka zenyewe ziandikwe kwa Kimeru, neno kwa neno, na chini yake kwa Kiswahili.

Wakongwe hao wangali wapo Kikatiti, na mikanda ingali juu ya makabati. Lakini kila msimu wa mvua unaopita hupunguza mmoja katika hao na mmoja katika hiyo, wala hapana anayejua ni yupi atakayetangulia. Ngoma ya chuma imekwisha kunyamaza. Kilichosalia ni daftari, na daftari haliuzwi ghali.